Miaka 123 kabla ya usawa: namba hii hutoka wapi?

Juni 2025 Jukwaa la Uchumi Duniani lilitoa ripoti yake ya pengo la kijinsia, na kama kawaida, kati ya yote yaliyoandikwa humo ni namba moja tu iliyotembea: miaka 123. Ndio muda uliobaki, ilisemwa, kabla wanawake na wanaume duniani hawajawa sawa. Wapo walioipokea kama utabiri, wakahesabu vizazi: kumbe hata kitukuu changu hatauona usawa huo. Wapo waliocheka, kwamba nani amefika mwaka 2148 akarudi kutusimulia. Na wapo waliokasirika, wakisema namba zenyewe ni za kupika.

Waliocheka wana hoja. Mwaka 2020 ripoti hiyo hiyo ilitaja miaka 99.5. Ya mwaka uliofuata ikasema 135.6. Mwaka 2024 ilikuwa 134, ya 2025 ikawa 123. Ukizipanga hivyo unabaki kujiuliza kama usawa ni mahali tunapokwenda au ni kivuli kinachotukimbia.

Hesabu yenyewe ni ya kawaida sana. Basi limekwenda kilomita 200 kwa saa 4, zimebaki kilomita 100. Abiria anauliza tutafika lini, kondakta anagawanya kichwani: saa 2. Hajatabiri kitu. Hajui kama huko mbele daraja limekatika au barabara imewekwa lami mpya. Amesema tu kwamba kwa mwendo huu tuliokuja nao, ni saa 2. Ripoti nayo hufanya hivyo hivyo: inachukua mwendo wa dunia tangu 2006, mwaka ilipoanza kutolewa, inaangalia pengo lililobaki, inagawanya. Kwa kuwa mwendo ni wa kobe, tikisiko dogo linazaa mruko mkubwa wa miaka. Kati ya ripoti ya 2020 na ya 2021 alama ya dunia ilishuka kwa pointi 0.6 tu, hasa kwa sababu nchi chache zenye watu wengi zilirudi nyuma, na safari ikarefuka kwa miaka 36.

Kwa hiyo 123 inaeleza mwendo wetu wa hadi sasa, haituambii tarehe ya kufika. Hilo ni rahisi. Kazi ipo kwenye swali la pili: hiyo "alama ya dunia" imepimwa nini hasa?

Haki, hali, hadhi

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana kwa sauti, na ukiyatenganisha, nusu ya mabishano haya inakwisha. Haki ni kile ambacho sheria inamruhusu au inamlindia mwanamke: kupiga kura, kurithi, kumiliki ardhi, kudai talaka, kulipwa sawa na mwenzake. Hali ni maisha anayoyaishi kweli: amesoma hadi wapi, anajifungua salama, ana kipato gani, siku yake inaanza na kuisha saa ngapi. Hadhi ni uzito wa neno lake. Akisema nyumbani, kazini au bungeni, anasikilizwa?

Vitu hivi vitatu haviongozani. Haki inaweza kubadilika alasiri moja, bunge likipiga kura. Hali huchukua miaka. Hadhi ndiyo inayochelewa zaidi, na ndiyo ngumu kupima kwa sababu haiandikwi popote. Ukisikia watu wawili wanabishana kuhusu maendeleo ya wanawake, mmoja akisema "mbona wamepewa kila kitu" na mwingine "hakuna kilichobadilika", mara nyingi wa kwanza anazungumzia haki na wa pili anazungumzia hali au hadhi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Maneno mengine mawili ya kitaalamu hayaepukiki: kiashiria na fahirisi. Kiashiria ni kitu kimoja kinachohesabika, mathalani sehemu ya viti vya bunge inayoshikiliwa na wanawake. Fahirisi ni viashiria kadhaa vilivyochanganywa vikatoa alama moja. Fikiria ripoti ya shule: kiashiria ni alama ya somo, fahirisi ni wastani. Na kila mzazi anajua wastani unavyoweza kuficha mambo. Katika ripoti ya 2025 dunia ilipata asilimia 68.8, maana yake pengo lililozibwa ni kiasi hicho na lililobaki ni 31.2. Sasa tazama masomo yenyewe: afya 96.2, elimu 95.1, uchumi 61, siasa 22.9. Jumlisha, gawanya kwa 4, unapata 68.8. Mwanafunzi huyu si wa wastani hata kidogo. Anakaribia kupata yote kwenye masomo mawili, na kwenye la siasa ameanguka vibaya. Miaka 123, kwa sehemu kubwa, ni miaka ya uchumi na siasa.

Pengo si kiwango

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Fahirisi ya Jukwaa la Uchumi hupima pengo kati ya wanawake na wanaume wa nchi moja. Haipimi wanaishi vizuri kiasi gani.

Chukua nchi mbili za kubuni. Katika ya kwanza, wavulana 40 kati ya 100 humaliza sekondari, na wasichana 40 kati ya 100 vilevile. Katika ya pili wavulana ni 95, wasichana 88. Nchi ya kwanza inapata alama kamili, yaani 1, ya pili inapata 0.93, yaani 88 kugawanya kwa 95. Msichana mwenye akili timamu angechagua kuzaliwa katika nchi ya pili, lakini kwenye jedwali ya kwanza iko juu. Jedwali halijakosea. Limejibu swali la mgawanyo: kidogo tulichonacho, tunagawana vipi? Nchi maskini inaweza kugawana kwa haki umaskini wake, na nchi tajiri ikagawana kwa dhuluma utajiri wake. Ni habari mbili, na kila moja inastahili kujulikana.

Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo UNDP, una fahirisi nyingine iliyoanza 2010, inayopima ukosefu wa usawa. Hiyo huchanganya vifo vya uzazi, uzazi wa wasichana wadogo, viti vya bunge, elimu ya sekondari na ushiriki katika nguvukazi. Kumbuka pia kwamba imegeuzwa: humu 0 ndiyo nzuri na 1 ndiyo mbaya, wakati kule kwa Jukwaa 1 ndiyo nzuri. Nimeshaona watu wazima wakizilinganisha bila kulijua hilo.

Korea Kusini ndiyo nchi iliyoonja utata huu kuliko nyingi. Kwenye fahirisi ya UNDP ya mwaka 2021 ilikuwa ya 15 duniani. Kwenye ile ya Jukwaa ya mwaka 2022 ilikuwa ya 99. Nchi ile ile, wanawake wale wale. Wanaosema wanawake wa huko wameshafika hunukuu ya kwanza, wanaosema wanabaguliwa hunukuu ya pili, na kila upande huona wenzao ni waongo.

Fungua masanduku yenyewe. UNDP inaangalia kama wanawake wanakufa wakijifungua na kama wasichana wanazaa wangali wadogo. Mambo hayo mawili ni nadra sana Korea Kusini, kwa hiyo nchi inapanda. Jukwaa linaangalia mishahara, vyeo vya umeneja, uwaziri na ubunge. Pengo la mishahara la nchi hiyo wakati huo lilikuwa kubwa kuliko la nchi nyingine zote za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, karibu asilimia 31, kwa hiyo inashuka. Ukiziweka pamoja unapata picha isiyo na mkanganyiko wowote: mwanamke wa Korea Kusini ana hospitali nzuri na bosi mgumu.

Kifo cha uzazi, hata hivyo, hakina mwenzake upande wa wanaume. Hakuna mwanamume wa kulinganishwa naye. Ndiyo maana baadhi ya wachumi hulalamika kwamba kukiingiza kwenye fahirisi ya usawa ni kuziadhibu nchi maskini kwa umaskini wao. Mimi naona hoja yao ni nusu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi mwaka 2023, wengi kwa sababu ambazo tiba yake inajulikana tangu zamani. Kipimo cha hali ya wanawake kisichoona vifo hivyo ni kipimo cha nini? Ila ni kweli kwamba swali lake ni tofauti, na lingefaa lisimame peke yake: kutoka vifo 328 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000 hadi 197 mwaka 2023. Hiyo ni namba isiyohitaji kuchanganywa na nyingine ili ieleweke.

Jambo la kupita haraka: nafasi na alama si kitu kimoja. Nchi ikitoka nafasi ya 12 hadi ya 20, si lazima wanawake wake wameumia. Pengine imesimama palepale na wengine wakaipita, au nchi mpya zimeingia kwenye orodha. Angalia alama kwanza.

Mlango na nyumba

Haki za kisheria ndizo nyepesi kupima, kwa kuwa jibu ni ndiyo au hapana. Wanawake wa New Zealand walipata kura ya bunge mwaka 1893. Wa Uswisi waliipata kwenye uchaguzi wa taifa mwaka 1971, na katika jimbo la Appenzell Innerrhoden walisubiri hadi mahakama ya shirikisho ilipoamua mwaka 1990. Hakuna ubishi hapo.

Benki ya Dunia imeifanya kazi hii kwa ukubwa. Wanasheria wake hupitia sheria za nchi na maeneo 190 wakijibu maswali yaliyo wazi: je, mwanamke anaweza kusafiri nje ya nchi kama mwanamume? Anaweza kusajili biashara kwa jina lake? Watoto wa kike na wa kiume wanarithi sawa? Kwa hesabu iliyozoeleka, wanawake walikuwa na asilimia 77 ya haki za kisheria walizo nazo wanaume. Mwaka 2024 Benki iliongeza maswali ya usalama dhidi ya ukatili na ya huduma za kulea watoto. Alama ikaporomoka hadi 64. Hakuna sheria iliyofutwa kusababisha hilo. Waliongeza masomo kwenye mtihani, dunia ikafeli zaidi. Chini ya mtihani wa zamani nchi 14 zilikuwa zikipata alama zote, chini ya mpya hakuna hata moja.

Halafu wakafanya jambo ambalo lilistahili kuvuma kuliko yote. Waliuliza: sheria ipo, je, vyombo vya kuitekeleza vipo? Kwa wastani nchi zilikuwa na chini ya asilimia 40 ya mifumo inayotakiwa. Mfano mmoja unatosha. Nchi 98 zilikuwa na sheria ya malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Zilizoweka utaratibu wa kuwabana waajiri waonyeshe mishahara, au chombo cha kusimamia jambo hilo, zilikuwa 35. Katika nchi nyingine 63 mwanamke ana haki ya kulipwa sawa na mwenzake, ila hana njia ya kujua mwenzake analipwa nini. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mikataba ya kimataifa isomwe kwa jicho hilo hilo. Mkataba wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ulipitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 1979, na nchi 189 zimeuridhia au kujiunga nao. Kuna waliouridhia wakaweka sharti kwamba kifungu cha ndoa na familia hakitawabana, yaani wamekubali usawa isipokuwa nyumbani. Na ipo Marekani, iliyoutia saini 1980 na haijauridhia mpaka leo. Ukihesabu saini peke yake, utajua tabia za wanadiplomasia, si za waume.

"Sifanyi kazi, nipo tu nyumbani"

Mdadisi anakaa kwenye kiti, kishikwambi mapajani, anasoma swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote? Mwanamke aliye mbele yake ameamka alfajiri. Mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine ametumwa dukani, nguo ziko kwenye maji, jana alishinda shambani akipalilia. Anajibu, "Hapana, sifanyi kazi, nipo tu nyumbani." Mdadisi anabonyeza "hapana". Takwimu ya taifa imezaliwa.

Hajadanganya mtu. Neno "kazi" masikioni mwake lina maana ya ajira yenye mshahara. Watafiti waliwahi kulijaribu jambo hili Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi ziliulizwa kwa dodoso fupi lenye swali la jumla, nyingine kwa dodoso refu lenye maswali ya kuchuja. Dodoso fupi lilitoa kiwango cha chini cha wanawake wenye ajira. Nchi moja, majira yale yale, na idadi ya wanawake "wanaofanya kazi" ikabadilika kwa sababu ya urefu wa karatasi. Kichekesho kidogo: watafiti walipomuuliza mtu mwingine wa kaya badala ya mhusika mwenyewe, walioonekana kupungukiwa ajira walikuwa wanaume, si wanawake.

Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliibadili tafsiri yenyewe ya ajira. Tangu hapo, anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anahesabiwa kuwa anafanya kazi lakini hana ajira. Nia ilikuwa njema, kutenganisha aina za kazi ili kila moja ionekane. Ila mahali ambapo wakulima wa namna hiyo ni wengi, na wengi wao ni wanawake, kiwango cha ajira ya wanawake kinaweza kushuka sana kati ya utafiti wa zamani na mpya huku kila mwanamke akiendelea kushika jembe lile lile. Mtu akikuonyesha mchoro unaoporomoka ghafla, muulize tafsiri ilibadilika mwaka gani.

Na kuna kazi ambayo haimo kabisa kwenye pato la taifa. Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza hili zamani kwa mfano ambao haujazeeka: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linapungua. Anapika vilevile, anafua vilevile. Kilichokoma ni mshahara.

Dawa yake ipo, nayo ni shajara ya muda. Mtu anaandika au anaulizwa saa 24 zake zilikwendaje, kipande kwa kipande. Kwa kutumia takwimu za namna hiyo, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kila siku dunia hufanya saa bilioni 16.4 za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 bila senti. Wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa hizo. Ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha hali ya wanawake, ningechagua hiki. Mshahara unaweza kupanda, shule ikajaa wasichana, bunge likajaa kinamama, lakini kama siku ya mwanamke bado ina zamu mbili, alichopewa ni mzigo mpya juu ya ule wa zamani. Bahati mbaya shajara za muda ni ghali, na nchi nyingi hazizifanyi mara kwa mara.

Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, wapatao asilimia 90, waliacha kazi kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Nchi ilisimama, akina baba wakaenda kazini na watoto. Iceland ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye fahirisi ya Jukwaa la Uchumi kila mwaka tangu 2009. Na tarehe hiyo hiyo, mwaka 2023, wanawake wake waligoma tena siku nzima, waziri mkuu wao mwanamke akiwa miongoni mwao, wakilalamikia mishahara na ukatili. Ukiwa wa kwanza darasani kwa alama 93, bado kuna maswali umekosa.

Kuhusu mishahara, dhana moja potofu inasikika sana: pengo likiwa dogo, mambo ni mazuri. Italia kwa kawaida huonyesha pengo dogo la malipo kuliko nchi nyingi za Ulaya. Lakini Italia pia ina kiwango cha ajira ya wanawake kilicho miongoni mwa vya chini kabisa katika Umoja wa Ulaya. Wanawake ambao wangelipwa kidogo hawamo kazini kabisa, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu. Waliobaki ni wenye elimu na mishahara mizuri, wastani wao unapendeza. Ni kama kupima urefu wa darasa baada ya kuwatoa wafupi nje.

Takwimu mbaya ambazo ni dalili nzuri

Ukatili ndio unaochanganya watu kuliko yote. Mwaka 2014 Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya ulitoa matokeo ya mahojiano na wanawake 42,000 katika nchi 28. Waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono tangu wakiwa na miaka 15 walikuwa asilimia 52 Denmark, 47 Finland, 46 Sweden. Poland walikuwa 19. Yaani nchi zinazosifiwa kwa usawa ndizo zilizoongoza kwa ukatili.

Wapo waliodandia haraka: mnaona, usawa unaleta vita nyumbani. Hawawezi kuthibitisha hilo kwa namba hizi, kwa sababu kinachopimwa si ukatili wenyewe bali ukatili uliosemwa. Ili mwanamke aseme, lazima kwanza alitambue tendo kuwa ni ukatili, si "mambo ya ndoa". Kisha aamini kwamba aibu si yake. Kisha amwamini huyu mgeni mwenye kalamu. Mahali ambapo hatua hizo tatu zimefanyiwa kazi miaka mingi, namba hupanda. Haimaanishi kwamba tofauti yote ni ya kusema na kunyamaza. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani.

Takwimu za polisi zina tatizo lake. Sweden huhesabu kila tendo kuwa kosa linalojitegemea: mwanamke akibakwa na mumewe mara nyingi kwa mwaka mzima, panaweza kuandikwa makosa mengi pale ambapo nchi nyingine ingeandika moja. Tena tafsiri ya kosa lenyewe ilipanuliwa mwaka 2005, na ikapanuliwa tena 2018 sheria ilipojengwa juu ya ridhaa. Kuilinganisha na nchi ambayo sheria yake haitambui ubakaji ndani ya ndoa ni kulinganisha mizani mbili zenye mawe tofauti.

Inafaa kujua mahojiano haya hufanywaje, maana wengi hudhani ni mtu anagonga mlango na kuuliza mbele ya shemeji. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mwanamke mmoja tu ahojiwe katika kila kaya, kwa faragha, na majirani wasijue mada ni nini. Mdadisi huwa na maswali mengine ya kujikinga. Mume akiingia ghafla, mazungumzo yanahamia kwenye chanjo za watoto au uzazi wa mpango, sauti ile ile, kana kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakizungumzwa. Akitoka, wanarudi walipoishia, au wanaahirisha. Asilimia unayoisoma kwenye simu yako imepita kwenye vyumba vya namna hiyo.

Viti, na uzito wa neno

Kwenye hadhi, kiashiria maarufu ni viti vya bunge, kwa sababu vinahesabika. Kwa takwimu za Umoja wa Mabunge Duniani, wanawake walikuwa asilimia 11.3 ya wabunge mwaka 1995, mwaka wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing, na asilimia 27.2 mwanzoni mwa 2025. Rwanda inaongoza. Katiba yake ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi kwenye vyombo vya maamuzi, mwaka 2008 likawa bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, na uchaguzi wa 2024 ulitoa wanawake 51 kati ya wabunge 80.

Viti 24 kati ya hivyo ni vya kutengewa, na hapo ndipo maneno huanza: hao ni wa kubebwa. Fanya hesabu. Ondoa 24, wanabaki 27 waliopita kwenye viti vingine 56, karibu nusu. Sehemu kubwa ya dunia haifikii hapo. Hoja nzito ni nyingine: bunge lenyewe lina nguvu kiasi gani mbele ya serikali? Kiti kwenye chombo kisichoamua mengi ni kiti. Hilo ni swali la kuuliza kuhusu wabunge wote, wake kwa waume, na fahirisi hizi hazina safu ya kuliandikia. Vivyo hivyo kwa mawaziri: idadi yao hupanda, kisha ukiangalia wizara unakuta wengi wamepewa wanawake, familia, jamii, na wachache sana ulinzi au fedha.

Hadhi ya nyumbani hupimwa kwa tafiti za afya na idadi ya watu, zilizofanywa katika nchi zaidi ya 90 tangu 1984. Mwanamke huulizwa nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu matibabu yake mwenyewe, kuhusu manunuzi makubwa ya kaya, kuhusu yeye kwenda kuwatembelea ndugu zake. Halafu huulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akitoka bila kuaga, akipuuza watoto, akibishana naye, akikataa tendo la ndoa, akiunguza chakula. Wanaoulizwa ni wanawake wenyewe, na wengi hujibu ndiyo kwa angalau moja. Kila duru ya utafiti unaofuata inapoonyesha "ndiyo" zimepungua, kuna kitu kimesogea ambacho sheria peke yake isingekisogeza. Hata hapa pana mtego, bila shaka. Aliyekwisha kujifunza kwamba jibu linalopendwa na wageni ni "hapana" atasema hapana.

Tafiti hizo zilikuwa zikigharimiwa zaidi na serikali ya Marekani, na Februari 2025 ufadhili huo ulikatishwa. Wafadhili wengine wamejitokeza kuokoa baadhi ya zilizokuwa njiani. Fahirisi, kwa upande wake, haisimami kwa kukosa takwimu mpya: mara nyingi huchukua ya mwisho iliyopo na kuendelea. Kwa hiyo chini ya jedwali la mwaka huu, kwa maandishi madogo ambayo kwenye simu inabidi uyavute kwa vidole viwili, utakuta mwaka halisi wa kila namba, na baadhi ya majibu hayo mwanamke aliyatoa wakati mtoto aliyekuwa mgongoni mwake sasa anamaliza darasa la tatu.